Chumba Kikavu

8 Machi, Jumamosi

Mvua imefika leo alasiri bila hodi na kuingia moja kwa moja chumbani kwetu. Nikisema kwetu nina maana mimi na Shangazi, dada yake Baba. Tangu afiwe na mumewe miaka minne iliyopita tunalala naye chumba kimoja, kitanda chake dirishani, changu karibu na mlango. Tone la kwanza limemwangukia kwenye paji la uso akiwa amejilaza. Akaketi, akalifuta kwa kiganja, akasema, "Haya karibu, ulikuwa umepotea." Mwaka jana paa lilikuwa na tundu moja. Mwaka huu nimehesabu matatu, yote upande wake. Upande wangu ni mkavu kabisa, na nimelala huko nikimsikiliza akikohoa.

Nina miaka ishirini na tisa. Naliandika hilo ili nijikumbushe kwamba sidai makuu. Kazi yangu ni kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, huu mwaka wa saba. Mtu ananiletea kipande cha kitambaa au picha kwenye simu, anasema "nataka hii hii," nami namtolea. Mimi na Futi, msichana mwenzangu anayepima na kukata mabomba, tumepata nyumba ya kupanga: chumba kikubwa na jiko dogo, nyuma ya kiwanda cha mikate. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tumejinyima mwaka na nusu na sasa imetimia.

Nyumbani hawajui. Nasubiri siku nzuri ya kuwaambia, na kila siku ninayoiangalia naiona haifai.

11 Machi

Nimedanganya. Afadhali niandike yote.

Duka letu lina utaratibu ambao majirani wote wanatuonea wivu. Mara moja kwa mwaka kila mfanyakazi anaruhusiwa kununua vitu kwa bei ya ndani, yaani bei ile ile aliyonunulia bosi. Ni risiti moja tu. Kisha unaandikwa kwenye kibao ukutani, wewe na ulichochukua, ili usije ukajisahau ukarudi mara ya pili.

Jioni Mama amenikuta jikoni. "Mwanangu, ile bei yenu ya ndani, mwaka huu si tuchukue mabati? Sita tu. Baba yako ameshapima."

Ameshapima! Nimemwona kwa macho ya moyo Baba na miaka yake sitini na sita, yuko juu ya meza na utepe wa kushonea.

Zamu yangu nimeshaitumia, wiki tatu zilizopita. Nilichukua kitasa cha mlango, ndoo ya rangi, bawaba mbili na koki ya jikoni. Ningesema hivyo tu. Badala yake yakanitoka mdomoni: "Bosi ameifuta, Mama. Biashara mbaya mwaka huu."

"Jamani," Mama akasema. "Na yule mzee alivyo mwema." Akarudi kwenye sufuria yake. Hakuuliza la pili. Najiambia angeuliza la pili ningesema kweli.

12 Machi

Mvua. Ndoo moja, sufuria mbili.

15 Machi, Jumamosi

Tumelipa. Mwenye nyumba amehesabu mara mbili, akalamba kidole, akahesabu tena. Nimefunga kitasa mwenyewe kwa bisibisi ya dukani. Kina funguo tatu: wangu, wa Futi, na mmoja wa akiba nimeuficha ndani ya soksi. Mvua ilinyesha tukiwa mle ndani. Tulisimama katikati ya chumba tumeinua nyuso kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hata tone moja halikupita. Futi alicheza. Mimi nilimkumbuka Shangazi, starehe yote ikanitoka.

17 Machi

Nimemwambia Shangazi tubadilishane vitanda. Amekataa. "Wewe unaamkia kazini. Mimi naamkia nini?" Kisha akaisogeza ndoo kwa mguu. Ameipa jina, anaiita Bwana Harusi, kwa sababu kila akitaka kulala lazima kwanza ahakikishe imekaa vizuri.

22 Machi, Jumamosi

Bosi wetu tunamwita Bei Moja. Mteja akimwomba apunguze anajibu "bei moja" na kurudi kwenye gazeti lake. Leo mchana nilikuwa nimepeleka kopo la rangi kwa mteja wa jirani. Niliporudi aliniita kwa kidole, nyuma ya rafu za misumari.

"Mama yako alikuwa hapa."

Moyo ulinilipuka.

"Amekaa kwenye hicho kiti. Amesema anajua biashara ni ngumu, lakini kama nimefuta bei ya ndani, niifikirie familia moja tu yenye paa bovu. Ameniletea machungwa." Kweli yalikuwepo mezani, manne, yamefungwa kwenye mfuko aliouosha. Mama huiosha mifuko. "Unajua nimemjibu nini?"

"Sijui, bosi."

"Nimemwambia ni kweli, nimefuta. Ningefanyaje? Nimwambie mama wa mtu kwamba binti yako mwongo? Miaka thelathini na moja niko hapa, sijawahi kumdanganya mtu hata kuhusu msumari. Leo umenisemesha uongo mbele ya mtu mzima mwenzangu."

"Nisamehe, bosi."

"Mimi sisemi uongo," akasema, akachukua gazeti. "Nimesema imefutwa. Basi imefutwa."

Sikumwelewa. Nilidhani ni hasira tu.

Nyumbani Mama hakunitajia kwamba alikwenda dukani. Amenipakulia chakula, akauliza kama miguu inauma.

24 Machi, Jumatatu

Sasa nimemwelewa. Asubuhi kabla ya kufungua, Bei Moja ametukusanya sote saba, akapanda kwenye kigoda, akakitoa kibao ukutani. Bei ya ndani hakuna tena. Mzee wa Stoo ameuliza kwa nini. "Nimeamua," akajibu. Hakuniangalia hata mara moja. Angeniangalia ingekuwa nafuu.

Mzee wa Stoo alikuwa hajachukua zamu yake. Alikuwa akiingoja Aprili anunue saruji ya sakafu ya choo, maana mkewe amepasuliwa goti na choo chao kinateleza. Ametoka akaenda kupanga mifuko ambayo ilikuwa imeshapangwa.

25 Machi

Futi amevimba kwa hasira. Alitaka kuchukua sinki la jiko letu. "Kuna mtu kamuudhi huyu mzee," ananiambia. "Nikimjua, nitampima urefu nimkate vipande viwili."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Mchana mteja alitaka rangi ya maziwa nikamtolea waridi.

2 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Nguo hazikauki. Shangazi anakohoa kwa kuvuta, kikohozi kinatoka mbali. Kila nikifungua mdomo kumwambia Mama, naona ana kitu mkononi.

6 Aprili, Jumapili

Nimetoka hospitali sasa hivi na mikono bado ina tope.

Mvua ilipumzika asubuhi na jua likatoka. Baba akasema hiyo ndiyo nafasi yake. Alikuwa amepata lami kidogo na kipande cha zulia la plastiki, akataka kuziba yale matundu mpaka pesa ya mabati ipatikane. Mama alimwambia aache. Mimi sikumwambia aache. Nilikuwa na haraka matundu yazibwe, nipate kuondoka dhamiri ikiwa imetulia. Hiyo ndiyo kweli yenyewe na ndiyo inayoniuma.

Akasema, "Wewe shika ngazi." Nikashika. Akapanda taratibu, akafika, nikamsikia akigonga na kujisemesha peke yake jinsi alivyokuwa akiisemesha injini. Baba alikuwa dereva wa gari la ofisi miaka ishirini na sita, na hajawahi kugonga hata kuku; hilo hukuambia kabla hujaketi.

Simu ikalia. Futi. Mwenye nyumba amesema tusipohamia mwisho wa mwezi atahifadhi magunia yake ya unga mle ndani. Nilitaka kumjibu bila Baba kusikia. Nikaiachia ngazi, nikazunguka pembe ya nyumba. Niliongea dakika mbili hivi. "Tutahamia," nilisema kwa sauti ya chini, "chumba ni chetu, unga wake asilete, mwambie hivyo."

Nikasikia ngazi ikikwaruza ukuta, halafu kishindo.

Alikuwa ameanguka ubavu kwenye tope, mguu wa kulia umegeukia upande usiostahili. Ameshika brashi ya lami bado. Nilipiga kelele. Yeye akafumba macho, akasema, "Usiogope. Gari zima. Taa moja tu imevunjika."

Mama akaja mbio na mikono yenye unga, na Shangazi nyuma yake akikohoa. "Ilikuwaje? Si ulikuwa umemshikia ngazi?"

Kabla sijafungua mdomo Baba akasema, "Alikuwa ameshika. Nimeteleza mwenyewe."

Kifundo cha mguu kimevunjika mahali pawili. Plasta mpaka chini ya goti, wiki nane. Hela ya plasta nimetoa mimi, chapuchapu, kama mtu anayetaka kununua msamaha dirishani. Haikunisaidia. Kwenye gari la kurudi Baba aliniegemea begani akalala, nami nikakaa bila kutikisika njia nzima, nikijua vizuri kabisa kwamba nilikuwa sijashika ngazi yoyote.

7 Aprili

Lami haikushika. Matundu ni manne.

14 Aprili

Kila siku nikitoka kazini napitia kule. Nafungua kwa ufunguo wangu, nageuza ndoo ya rangi, naikalia. Chumba kitupu, kimepakwa rangi niliyochanganya kwa mkono wangu, rangi ya siagi iliyopauka kidogo. Upande wa pili wa ukuta mashine za mikate zinanguruma na ukuta una joto. Nakaa nusu saa kwenye ukavu ambao nimeshaulipia, halafu nafunga, narudi kumwaga ndoo.

Siwezi kuhamia na kumwacha Baba na mguu ule, wala siwezi kurudishiwa kodi. Nina nyumba mbili na hakuna hata moja ninamoweza kulala kwa amani.

20 Aprili, Jumapili

Futi amehamia peke yake, mwenye nyumba asije akaleta magunia. Nilimsaidia kubeba godoro na vitanda vyetu viwili vya mitumba.

"Kitanda chako nikuwekee upande gani?"

"Popote."

"Dada, mbona unaongea kama mtu anayepelekwa jela?"

Mzee wa Stoo alikuja na mkokoteni wake kutusaidia. Hakutaka hela. Mkewe ameteleza juzi, lakini ameangukia ukuta, ameumia kiwiko tu. "Mungu mkubwa," akasema. Nilikwenda jikoni nikafungua koki mpya, maji yakatoka kwa nguvu, nikalia chini ya mlio wake.

26 Aprili, Jumamosi

Leo nimesema.

Shangazi ameamka godoro limelowa mpaka katikati, na kikohozi kimemfanya ashike ukuta. Mama amemlaza kitandani kwangu, akaja sebuleni, akaanza kukunja nguo ambazo bado ni mbichi. Baba alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, amesinzia au anajifanya. Nikaketi sakafuni karibu na Mama.

"Mama, bei ya ndani haikuwa imefutwa."

"Najua."

Akaendelea kukunja. Nilidhani hakusikia vizuri. "Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaitumia..."

"Kitasa kimoja, rangi ndoo moja, bawaba mbili, koki moja," Mama akasema. "Kibao kilikuwa juu ya kichwa chake, mwanangu. Bosi wako ananiambia imefutwa, na juu ya kichwa chake umeandikwa wewe, kwa herufi kubwa. Nikasoma mara mbili, nilidhani macho yangu. Yeye kaona kwamba nimesoma. Akatazama chini, nami nikatazama machungwa. Tukaagana kwa heshima."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilirudi njia nzima najiuliza, kitasa cha nini? Mlango wetu una kitasa. Nilipofika hapo kwenye kona nikajua unahama." Akalikunja shati la Baba, akalikunjua, akalikunja upya. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Wiki tano nangoja. Kila ukiingia jikoni nashika kitu mkononi nisije nikakuuliza."

Nikamwambia habari ya chumba na kitanda nyuma ya kiwanda cha mikate, kisha na ya ngazi.

"Hilo nalo baba yako analijua. Alikuwa juu ya paa, alikusikia yote. Si ndiyo, mzee?"

Baba hakufungua macho. "Mwambie mwenye nyumba unga haukai chumba cha watu," akasema.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alikunja nguo mpaka nilipomaliza, halafu akauliza kama mtu anayenunua kitu sokoni:

"Hicho kitasa kina funguo ngapi?"

"Tatu."

"Chumba hakivuji?"

"Hakivuji, Mama."

"Kimelipiwa mpaka lini?"

"Katikati ya Septemba."

Akaweka shati juu ya nguo nyingine. "Wifi!" akaita. "Wifi, hebu njoo."

Shangazi akatoka na blanketi langu mabegani.

"Kuna chumba kikavu nyuma ya kiwanda cha mikate," Mama akamwambia. "Kuna kitanda. Kimelipiwa. Kesho unahamia."

Mwaka na nusu! Mchana nimekunywa chai tupu mwaka na nusu!

"Ni cha nani?" Shangazi akauliza.

Mama akanigeukia, akangoja. Alikuwa anataka niseme mimi.

"Changu, Shangazi," nikasema. "Lakini wewe ndiye unayelowa."

28 Aprili, Jumatatu

Asubuhi kabla ya kufungua nimewaomba wenzangu wasimame. Nimesema yote. Mzee wa Stoo alitazama viatu vyake. Futi akatoka nje kukata mabomba ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Bei Moja alikunja gazeti. "Sasa kweli imerudi mahali pake," akasema, "na kibao kinarudi." Akakitundika. "Isipokuwa wewe. Mwaka huu ulishachukua, na mwakani huna."

Nimemlipia Mzee wa Stoo mifuko miwili ya saruji. Mmoja amekubali, mwingine amekataa. "Usinizidishie," akaniambia. Ni neno zito kutoka kwa mtu mpole.

11 Mei, Jumapili

Nimekwenda kumtembelea Shangazi. Nina ufunguo, nikafungua nikaingia. Amenitazama kutoka kitandani kwangu, au tuseme kwake, akasema, "Bibiye, watu wanapiga hodi."

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi. "Karibu!" akaitikia kwa sauti iliyonona. Kikohozi kimekwisha. Ametundika pazia. Watu wa kiwanda wanampa mkate wa moto kila asubuhi kwa sababu amewaambia wanaunguza chini, na kumbe ni kweli. Futi, ambaye dukani bado ananijibu kwa neno moja moja, anamwita Mama Mkubwa na anamwachia rimoti.

"Mvua ikikatika utarudi?" nikauliza.

Akatazama dari, likiwa kavu lote. "Nina miaka sitini na moja," akasema. "Nilitoka kwa baba nikaenda kwa mume, nikatoka kwa mume nikaja kwa kaka. Hiki ndicho kitasa changu cha kwanza." Kisha akacheka, akanisukuma bega. "Usinune. Pensheni ya marehemu ikitoka nitakurudishia kodi yako taratibu. Utapata kingine."

Sikununa. Nilitaka kununa, lakini nikakosa pa kuanzia.

24 Mei, Jumamosi

Mvua imekatika, siku ya nne leo. Mabati sita nimenunua mimi, bei ya mteja wa barabarani, bila kuomba kupunguziwa. Yameegemea ukuta wa nje. Fundi anakuja Jumatatu.

Nimepanga chumba upya. Kitanda kimoja, katikati. Alama nne za maji darini, nazijua moja moja. Mwaka na nusu nilikuwa naweka akiba nipate chumba cha peke yangu, na sasa ninacho, chini ya paa lile lile, na Mama yuko ng'ambo ya ukuta anapiga chafya.

Jioni nilikuwa naandika hapa nikasikia mlango unagongwa. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kugonga mlango huu tangu nizaliwe.

"Hodi," Baba akasema.

"Karibu, Baba."

Akaingia na magongo yake, akatazama huku na huku kama mgeni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alipumzika kwanza.

"Fundi kasema Jumatatu anakuja bila msaidizi. Nani atamshikia ngazi?"

"Mimi."

"Utashika mpaka ashuke?"

"Mpaka ashuke, Baba."

Akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Nilichelewa kidogo kuelewa. Halafu nikatoa simu mfukoni, nikampa.